Mto Spey na Chimbuko la Urushaji wa Mikono Miwili

Urushaji wa nzi bandia kwa ufito wa mikono miwili, ambao leo hufundishwa kwa wanagenzi kuanzia Norway hadi pwani ya Pasifiki ya Marekani, ulipata umbo lake katikati ya karne ya 19 katika bonde la mto Spey, kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Nzi bandia ni ndoano iliyovikwa manyoya, sufu na nyuzi za hariri hadi ikafanana na mdudu au kiumbe mdogo wa majini, na uzito wake ni kama hakuna. Jambo hili lahitaji kuelezwa mapema kwa msomaji aliyezoea uvuvi wa mshipi wa pwani, kwa kuwa mvuvi wa Lamu au Kilwa anapoutupa mshipi wake, kinachoupeleka mbali na kuushusha kilindini ni chubwi, kile kipande cha risasi kinachofungwa karibu na ndoano. Katika uvuvi wa nzi mambo ni kinyume: mshipi wenyewe ndio mzito, ufito ndio unaoupa mwendo, na ndoano hufuata nyuma tu. Mvuvi wa namna hii hairushi ndoano, bali huurusha mshipi, na historia yote ya ufundi huu ni historia ya watu waliotafuta namna ya kuurusha mshipi mrefu mahali ambapo mazingira hayakuwaruhusu.

Ufito mrefu ni wa kale kuliko urushaji wenyewe. Kitabu cha kwanza cha Kiingereza kuhusu uvuvi wa ndoano kilichopigwa chapa, ambacho kilitoka mwaka 1496 na kwa desturi huhusishwa na mtawa Juliana Berners, kilieleza namna ya kuunda ufito wa vipande vilivyounganishwa. Naye Charles Cotton, aliyeandika nyongeza ya toleo la mwaka 1676 la The Compleat Angler cha Izaak Walton, alipendekeza ufito wa yadi 5 au 6, yaani kati ya meta 4.5 na 5.5. Mshipi wa zama hizo ulisokotwa kwa singa za farasi na kufungwa kwenye ncha ya ufito, hivyo mvuvi hakuweza kufika mbali kuliko ufito na mshipi wake mfupi ulivyomruhusu. Kigurudumu cha kukunjia mshipi, ambacho Thomas Barker alikitaja mwaka 1651, kilimpa mvuvi akiba ya mshipi, na akiba hiyo ikazua swali jipya la jinsi ya kurusha mshipi unaouzidi ufito mara kadhaa kwa urefu. Jibu lililozoeleka lilikuwa kuutupa mshipi juu ya kichwa hadi unyooke wote nyuma ya mvuvi, kisha kuurudisha mbele kwa nguvu. Jibu hilo lafaa penye uwanda. Kwenye Spey halikufaa.

Mto huo huanzia katika ziwa dogo la Loch Spey, kwenye milima ya nyanda za juu, ukasafiri kilometa 170 hivi hadi kumwagika katika ghuba ya Moray, na kinyume cha mito mingi, hautulii hata unapokaribia bahari. Kingo zake ni za mwinuko mkali katika sehemu nyingi, na misonobari na miti mingine imesogea hadi ukingoni, kiasi kwamba mvuvi aliyeingia majini hadi kiunoni ana ukuta wa matawi mgongoni mwake. Samaki anayetafutwa humo ni samoni wa Atlantiki, ambaye huzaliwa mtoni, hukulia baharini na kurudi mtoni kuzaa, na ambaye akisharudi huacha kula. Kwa kuwa samaki huyu haongozwi na njaa, mvuvi hawezi kumngoja mahali pamoja. Humlazimu kuyapitia maji yote hatua kwa hatua, akirusha mshipi kwa mshazari kuelekea chini ya mto, akiuacha mkondo umpeperushe nzi hadi upande wake, kisha akisogea hatua moja na kurusha tena, na kufanya hivyo kutwa nzima. Alihitajika basi mtu wa kubuni mtindo wa kurusha usiohitaji nafasi nyuma, unaoweza kuugeuza mshipi kutoka chini ya mkondo hadi ng'ambo kwa tendo moja, na usiomchosha mrushaji kabla ya jua kutua.

Nani aliyebuni? Mto wakati huo ulikuwa mali ya wenye ardhi wakubwa, akiwamo Duki wa Richmond aliyekuwa na kasri la Gordon karibu na Fochabers, na maji yake yaligawanywa katika vipande vilivyovuliwa na wenyewe, wageni wao na wakodishaji. Reli ya Strathspey ilipofunguliwa mwaka 1863, safari ya kufika bondeni ikawa nyepesi, na idadi ya mabwana wa mjini waliokuja kuvua ikaongezeka. Pamoja nao mtoni alikuwapo gili, yaani mtumishi wa mtoni, ambaye alijua kila jiwe na kila kilindi, alipiga kasia, alibeba samaki, alifunga nzi na kumfundisha mgeni kurusha. Walioandika vitabu walikuwa mabwana: Arthur Knox alitoa Autumns on the Spey mwaka 1872, na George Kelson akatoa The Salmon Fly mwaka 1895. Majina ya magili waliokuwa na ufundi huo mikononi hayakupewa nafasi ya namna hiyo, na hiyo ni dhuluma ambayo historia ya michezo imeizoea mno. Hata hivyo mtindo wenyewe unatoa ushahidi, kwa maana una alama zote za kazi ya mtu anayerusha kila siku kwa ujira: hauna tendo la mapambo, na hautumii nguvu mahali ambapo maji yanaweza kufanya kazi.

Hatua zake ni chache, na kila moja ina sababu yake mtoni. Mvuvi huanza ncha ya ufito ikiwa karibu kugusa maji, mshipi ukiwa umenyooka chini ya mkondo. Huinua ufito polepole ili mshipi ubanduke majini, kisha huuzungusha ufito kando na nyuma, hadi mshipi ufanye tumbo nyuma ya bega lake kwa umbo la herufi D, ambayo mstari wake ulionyooka ni ufito. Wakati huo sehemu ya mwisho ya mshipi, pamoja na nzi, huwa imegusa maji karibu na mvuvi, na mguso huo huitwa nanga. Bila nanga mshipi ungeruka nyuma na kunasa mitini. Kwa kuwepo kwa nanga, maji huuzuia mwisho wa mshipi, tumbo la mshipi huuvuta ufito hadi upinde, na ufito ukijinyoosha kwa ghafla huupeleka mshipi ng'ambo. Mkono wa juu huwa egemeo, na mkono wa chini ndio unaovuta kitako cha ufito kuelekea tumboni. Makosa mengi ya wanagenzi hutokana na kuligeuza jambo hili, yaani kusukuma kwa mkono wa juu na kuharakisha mzunguko wa nyuma, hali inayoing'oa nanga kabla ya wakati wake. Ndiyo maana walimu wengi huanza na urushaji wa kuviringisha, ambao ni sehemu ya mwisho tu ya tendo hili, kabla ya kumruhusu mwanafunzi kugeuza mwelekeo wa mshipi.

Upepo nao ulitunga kanuni yake. Upepo unapovuma kuelekea juu ya mto hutumika Spey Moja, ambayo huweka nanga upande wa juu wa mvuvi kwa mzunguko mmoja. Upepo unapovuma kuelekea chini hutumika Spey Mbili, ambayo huweka nanga upande wa chini kwa mizunguko miwili. Kanuni hiyo haihusu uzuri wa mtindo hata kidogo, kwani anayeikiuka hupeperushiwa ndoano kubwa usoni.

Mtu mmoja aliyetoka katika bonde la Spey na jina lake likabaki ni Alexander Grant, aliyezaliwa mwaka 1856, akaishi Inverness kama kinyozi, fundi wa fidla na mvuvi wa mto Ness. Kazi ya fidla ilimfundisha kuzisikiliza mbao, na aliona kwamba viungo vya chuma vilivyounganisha vipande vya ufito viliukatiza mtetemo, ilhali mtetemo usiokatizwa ndio unaobeba mshipi. Akaunda fito za greenheart, mti mgumu na mzito wa Guyana, ambazo vipande vyake vilichongwa kwa mshazari, vikalazwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwa kamba ya ngozi. Ubunifu huo ulipewa hataza mwaka 1894. Miaka miwili baadaye, huko Kingston kando ya mto Thames, alirusha yadi 65, karibu meta 60, bila kuachia mshipi wa ziada mkononi na bila mshipi kunyooka nyuma yake. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa ufundi wa chombo cha muziki ulioingia katika chombo cha uvuvi ukakinufaisha.

Fito za zama hizo zilikuwa na futi 16 hadi 20 au zaidi, nazo zilihitaji mtu mwenye mgongo imara. Mianzi iliyopasuliwa na kugundishwa upya, ambayo kampuni ya Hardy ya Alnwick iliifanya kuwa fahari yake, ilipunguza uzito. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja nyuzi-kioo, na katika miaka ya 1970 nyuzi za kaboni, zilizowezesha ufito wa futi 15 kuwa na uzito wa robo kilo hivi. Mshipi wa hariri, uliopakwa mafuta ya kitani na kuanikwa kila jioni usioze, ulipisha mshipi wa plastiki.

Wepesi huo ndio uliowapa watu wa mbali sababu ya kujifunza. Katika Skandinavia, Msweden Göran Andersson alikuza mtindo wa mshipi mfupi unaotegemea zaidi mkono wa chini. Ng'ambo ya Atlantiki, katika British Columbia, Mike Maxwell alikuwa miongoni mwa waliofundisha mtindo wa Spey kwa wavuvi wa steelhead, yaani trauti anayehamia baharini, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ed Ward na wenzake kwenye mto Skagit, jimbo la Washington, wakaunda mshipi mfupi na mzito sana wa kubeba nzi wakubwa hadi chini ya maji baridi ya majira ya baridi. Kwa upande wa Afrika Mashariki, samaki walitangulia: mwaka 1905 Ewart Grogan alitia trauti wa Loch Leven, Uskoti, katika mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Mito ya huko ni myembamba na ufito wa mkono mmoja unaitosha, ingawa tatizo la kichaka kilicho mgongoni mwa mvuvi hutatuliwa kwa kuviringisha mshipi vilevile.

Ufundi umeenea, lakini samaki aliyeuzaa anapungua. Mwezi Desemba 2023 samoni wa Atlantiki wa kisiwa cha Britania aliwekwa na shirika la IUCN katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, huku idadi yake duniani ikiwa imeshuka kwa asilimia 23 kati ya 2006 na 2020. Msimu wa Spey hufunguliwa tarehe 11 Februari, na tangu mwaka 2015 sheria ya Uskoti inamtaka kila anayemnasa samoni kabla ya tarehe 1 Aprili amrudishe mtoni akiwa hai.