Dhima ya Ufunguo: Nani Amlipe Abiria Aliyejeruhiwa katika Mbio za Vijana?

Kila itokeapo ajali ya vijana waliokuwa wakishindana kwa magari katika njia ya watu wote, na mmoja wa waliopakiwa akatolewa humo amevunjika uti wa mgongo, watu hukimbilia kugawana lawama kabla hawajafikiri habari ya gharama: huyu husema ni ghururi ya ujana, yule husema ni upungufu wa malezi, na wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mkali kuliko wote, husema kwamba majeruhi alipanda kwa hiari yake na asimlaumu mtu. Rai yangu naitaja mapema ili msomaji ajue ninakompeleka. Dhima ya kwanza ni ya dereva, wala haipunguzwi na uchache wa miaka yake. Walakini haiishii kwake, bali humfuata aliyeshindana naye, na humfuata aliyemkabidhi ufunguo hali akimjua alivyo. Na juu ya hayo yote, sheria tulizorithi katika Afrika ya Mashariki, hasa ya bima, zimemwacha abiria asiyelipa nauli katika unyonge ambao sioni hoja ya haki inayoweza kuutetea.

Wako wanaotaka ujana uwe udhuru, nao wana hoja isiyostahili kupuuzwa, kwamba akili ya kijana hupevuka baada ya viungo vyake. Hoja hiyo ina mahali pake katika adhabu, ambako hakimu huangalia moyo wa mkosaji. Katika fidia haina mahali, kwa kuwa mfupa uliovunjwa na kijana hauungi upesi kuliko ule uliovunjwa na mtu mzima. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililikata jambo hili mwaka wa 1971 katika kesi ya Nettleship na Weston, ambamo mdaiwa alikuwa mwanafunzi wa udereva katika somo lake la tatu, na mdai ni yule yule aliyekaa kando yake akimfundisha. Ikahukumiwa kwamba hata anayejifunza hupimwa kwa kipimo cha dereva stadi, ijapokuwa nusu ya fidia ilikatwa kwa sababu mwalimu naye alikuwa na sehemu yake katika kuliongoza gari lile. Basi ikiwa mwanafunzi mnyenyekevu aendaye taratibu hapewi udhuru, ataupata wapi kijana mwenye leseni mfukoni, anayekanyaga mafuta kwa makusudi ili amshinde mwenziwe?

Ugumu unaanza tunapomgeukia abiria. Kesi iliyo karibu kabisa na mas'ala yetu ni ile ya Pitts na Hunt, ambayo haikuwa ya mashindano ya magari mawili, lakini ilikuwa ghururi ile ile. Usiku mmoja wa Septemba 1983, katika wilaya ya Devon huko Uingereza, vijana wawili walirejea kutoka dansini juu ya pikipiki moja. Mwendeshaji alikuwa na umri wa miaka 16, hana leseni wala bima, na kileo kilichokuwamo katika damu yake kilizidi sana kiasi kilichoruhusiwa; aliyepakiwa nyuma alikuwa na miaka 18, naye amelewa, na hali ile yote aliijua. Wakaenda wakiyumba huku na huku kwa makusudi ya kuwatisha wengine, na ushahidi ukaeleza kwamba wa nyuma alikuwa akimshangilia wa mbele. Wakagongana na motokaa. Mwendeshaji akafa, na aliyepakiwa akabaki na ulemavu wa maisha, kisha akadai fidia kutoka katika mali ya marehemu.

Hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri hilo ina sehemu tatu, na kila moja yataka kusomwa kwa makini. Ya kwanza, kwamba sheria ya usalama wa barabarani ya nchi ile imeizuia kabisa hoja ya kusema abiria aliiridhia hatari, kwa hiyo ridhaa yake, hata ingekuwa dhahiri kama mchana, haimwondolei dereva dhima. Ya pili, kwamba jaji wa kwanza alikosea alipomtwika abiria uzembe wote kwa ukamilifu wake, kwa kuwa uzembe wa kushiriki maana yake ni kugawana, na mtu hawezi kugawana na mwenziwe kisha akachukua yote. Lau mahakama ingefikia kugawa, ingegawa nusu kwa nusu. Ya tatu, na hii ndiyo iliyomwangusha mdai, kwamba wawili wale walikuwa katika tendo moja la haramu, na mahakama haimpi mkono mtu anayejenga dai lake juu ya uharamu wake mwenyewe. Akatoka mikono mitupu.

Sehemu mbili za mwanzo nazikubali kwa moyo mkunjufu. Ya tatu naiona ni kali kupita insafu, nami nimefarijika kwamba mwaka wa 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Patel na Mirza iliyohusu fedha wala si barabara, iliacha kanuni ya kukataa moja kwa moja ikataka majaji wapime kama kumnyima mdai haki yake kunalingana na kosa alilofanya. Lakini hata atakayeitetea sehemu ile ya tatu sharti akumbuke imesimama juu ya nini. Imesimama juu ya kijana aliyeshangilia na kuchochea. Haikusimama juu ya msichana aliyepewa lifti kutoka harusini, akaketi kiti cha nyuma, na alipotahamaki gari lile limekwisha kuwa katika mashindano na gari la pili, wala mlango haufunguki katika mwendo huo ila kwa kuingia kaburini. Hapa ndipo watu wetu wanapochanganya mambo mawili. Kupanda gari la rafiki ni hiari. Kubaki ndani yake baada ya mbio kuanza si hiari hata kidogo. Aliye ndani hana usukani wala breki, na kelele zake, ikiwa atapata ujasiri wa kuzipiga mbele ya wenziwe wanaocheka, aghalabu humzidisha dereva ushababi. Ukimya wake basi usihesabiwe kuwa ridhaa. Kipimo cha haki ni kuuliza kama alikuwa na nafasi ya kweli ya kushuka, na kama aliposimama gari aliitumia. Akiwa alishuka dukani, akanunua soda, akarudi ndani huku akijua mbio zinaendelea, hapo na apunguziwe fidia kwa kiasi cha uzembe wake, wala isifutwe.

Nchi ya New Zealand ilifanya jambo la busara mwaka wa 1987 ilipoanzisha leseni ya hatua kwa hatua, ambayo humkataza dereva mpya kupakia abiria bila ya msimamizi, na humkataza kuendesha usiku wa manane peke yake. Ilikubali kwamba kuwapo kwa vijana wenziwe ndani ya gari kunaongeza hatari, ikaweka mzigo wa kuizuia juu ya leseni ya anayeendesha, badala ya kungoja ajali itokee kisha kumwuliza majeruhi kwa nini alipanda.

Ama yule wa gari la pili, ambaye hakumgusa mtu na mara nyingi hutoweka kabla polisi hawajafika, habari yake haihitaji maneno mengi. Mahakama ya jimbo la Delaware, Marekani, iliamua mwaka wa 1968 kwamba washindani wawili wana dhima sawa kwa madhara ya mashindano yao, ijapokuwa mmoja alikwisha kusimamisha gari lake kabla ya mgongano. Mashindano hayawi bila ya wawili, na kila mmoja ndiye sababu ya mwendo wa mwenziwe. Sijasikia hoja ya kulipinga hilo.

Nakuja sasa kwa baba, au kwa mwenye gari awaye yote. Fikihi iliyolea jamii za pwani, ijapokuwa mahakama za kadhi leo husikiliza ndoa, talaka na mirathi wala hazisikilizi mashauri ya ajali, ina mpangilio ambao ningependa wanasheria wetu waurejee. Majalla, yaani mkusanyo wa sheria uliotungwa na dola ya Uthmaniya baina ya 1869 na 1876, ni wa madhehebu ya Hanafi ilhali pwani yetu ni ya Shafii, lakini tofauti iliyowekwa humo ni safi: mtendaji mwenyewe, mubashir, hulipa hata kama hakukusudia, bali msababishaji, mutasabbib, hulipa pale tu alipovuka mpaka, na mtoto anayeharibu mali ya mtu, fidia hutoka katika mali yake mwenyewe, walii wake halazimishwi. Maana yake ni kwamba ubaba peke yake si deni. Sheria ya Kiingereza ilifika pale pale kwa njia nyingine: katika kesi ya Bebee na Sales ya mwaka wa 1916, baba alilipishwa kwa jicho lililoumizwa na bunduki ya upepo ya mwanawe wa miaka 15, kwa kuwa alikwisha kuletewa malalamiko juu ya bunduki ile naye akaiacha mikononi mwa mtoto. Hakulipa kwa kumzaa. Alilipa kwa kujua na kuacha. Mzazi anayejua kwamba mwanawe amepata kukamatwa kwa mwendo mkali, au kwamba jina lake linatajwa mtaani kwa mbio za usiku, kisha akamwachia ufunguo mezani siku ya Jumamosi, amevuka mpaka huo.

Taabu ni kwamba sheria ya mwenye gari haikufuata njia hiyo. Katika kesi ya Morgans na Launchbury, Baraza la Malodi la Uingereza liliamua mwaka wa 1972 kwamba mwenye gari hana dhima ila dereva awe wakala wake, akiendesha kwa shughuli yake au kwa kutumwa naye. Na kijana anayeshindana hajatumwa na mtu. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika Karisa na Solanki ya 1969, ilimpa mdai nafuu kwa kusema kwamba gari likisababisha madhara kwa uzembe, dhana ni kuwa lilikuwa likiendeshwa na mtu ambaye mwenye gari humbebea dhima, mpaka ushahidi ueleze vingine. Lakini dhana hiyo huanguka mara tu baba asemapo: sikumtuma. Jimbo la Florida halikubali jibu hilo tangu mwaka wa 1920. Huko anayeikabidhi motokaa yake kwa mwingine hubeba madhara yake, kwa kuwa chombo chenyewe ni cha hatari. Mimi siendi mbali hivyo. Ningetaka dhana ya Karisa na Solanki ivukishwe kutoka kwenye uwakala hadi kwenye ujuzi: mwenye gari ndiye athibitishe kwamba hakuwa na sababu ya kumshuku kijana yule, kwani habari za nyumbani mwake anazijua yeye, na abiria aliyelala hospitali hana njia ya kuzifikia.

Na bado hukumu si fedha. Kijana wa miaka 19 aghalabu hana kitu, na kifungo atakachopewa hakimnunulii majeruhi kiti cha magurudumu. Ndiyo maana nasema shina la jambo hili limo katika bima. Sheria ya Kenya ya bima ya lazima, Sura ya 405, iliyoandikwa zama za ukoloni kwa kufuata ile ya Uingereza ya 1930, humlazimisha mwenye gari kuwakatia bima watu wa nje ya gari lake, lakini imewatoa katika ulazima huo wale waliopakiwa ndani, isipokuwa waliopanda kwa nauli au kwa ajili ya ajira. Mpita njia amo. Abiria wa matatu amo. Rafiki aliyepewa lifti hamo. Waingereza wenyewe waliliondoa pengo hilo kwa sheria ya mwaka wa 1971, nasi tumeihifadhi nguo ambayo fundi aliyeishona amekwisha kuitupa.

Wataalamu wa bima watasema kwamba kulipa kwa ajili ya mbio za haramu ni kuwapa wahuni moyo. Sikubali. Kijana hafikirii bima anapokanyaga mafuta, na kampuni ikimlipa majeruhi yaweza kupewa haki ya kumrudia dereva na aliyemkabidhi gari, ikawadai kwa miaka mingi kwa nguvu ambayo majeruhi hana. Bunge na lifute maneno yale katika kifungu cha 5 cha Sura ya 405. Na mzazi anayesoma haya, kabla hajampa mwanawe ufunguo, na akaisome hati yake ya bima, aone kama rafiki za mwanawe wamo ndani yake. Wasipokuwamo, naalipie nyongeza ya abiria, au ufunguo abaki nao mwenyewe.