Mbwa wa Paris na Nyama Yake

Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, tumeona si vibaya kumpa msomaji kicheko kidogo kabla hajazifikia hesabu. Magazeti ya zamani ni ghala la vituko, ingawa si kila neno lake ni la kupokewa kwa mikono miwili. Mwaka 1835 gazeti la The Sun la New York liliwaambia watu kuwa mwezini wako viumbe wenye mabawa kama ya popo, na wengi wakasadiki. Kwa hiyo kisa hiki twakieleza kama kilivyochapwa tu.

Mwezi wa Februari, 1908, The New York Times lilileta habari kutoka Paris. Mtoto mmoja alitumbukia katika mto Seine. Mbwa mkubwa alisikia kilio, akajitosa, akamwokoa. Baba wa mtoto, kwa furaha, akamkirimu mbwa yule nyama nzuri ya ng'ombe. Baada ya siku mbili akatumbukia mtoto mwingine; mbwa akamtoa, akala tena. Ikawa karibu kila siku mtoto huanguka. Watu wakashuku kuwa yuko mwovu, wakaweka walinzi. Mwovu akaonekana: ndiye mbwa mwenyewe! Kila amwonapo mtoto akicheza ukingoni humsukuma majini, kisha humrukia kumwokoa, apate nyama yake.

Tumecheka, sasa na tufikiri. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ni kweli, lakini kwanza tuulize dhiki ile imeletwa na nani. Mkulima auzaye kahawa ingali mtini, biashara ambayo watu wa Kagera huiita butura, humshukuru mnunuzi kwa fedha za siku ya shida. Msimu ukifika, kahawa si yake tena, na shida humrudisha ukingoni palepale. Ushirika uliundwa ili mkulima asisukumwe majini, wala si kwa ajili ya kumwopoa tu.

Nasi watumishi wa chama tusijitoe katika kisa hiki. Katibu aachaye vitabu vyake vilale mwaka mzima, kisha akesha usiku tatu kabla ya mkaguzi kufika, hastahili sifa kwa mkesha ule. Wanachama, ulizeni hayo katika mkutano mkuu bila haya. Nyama na apewe yule ajengaye ua ukingoni mwa mto.