Kutandika na Kutandua: Jinsi Pwani Ilivyotunza Mikeka, Nguo na Mazulia

Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni mlango wa msikiti. Penye mlango, anasema, kuna kisima kimoja au viwili, na maji huchotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Watu walitembea peku, kwa hiyo aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, kisha akaikausha kwa kukanyaga kipande cha mkeka mzito kilichowekwa pale mlangoni. Ni maelezo mafupi, lakini yana kanuni nzima ndani yake: uchafu uzuiwe nje, kabla haujafika palipotandikwa.

Kanuni ya pili imo ndani ya lugha yenyewe. Kazi za matandiko kwa Kiswahili zina vitenzi viwiliviwili, kimoja kikifunga na kingine kikifungua: kutandika na kutandua, kukunja na kukunjua, kuanika na kuanua. Kilichotandikwa asubuhi kilitarajiwa kutanduliwa. Naamini hapo ndipo ulipo ustadi wa pwani katika usafi wa nyumba. Wazee wetu walijaza nyumba kwa vitu vinavyoinuliwa, vikatoka nje na kurudi, na kwa karne nyingi jua na upepo ndio waliokuwa wasaidizi wao wakubwa.

Tuanze na mkeka. Ukindu huchanwa, ukasukwa kuwa ukili, na ukili ukashonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka ukatimia. Jamvi la miyaa ni zito na la kazi ngumu zaidi; msala ni mdogo, wa mtu mmoja kusalia. Mkeka haunywi uchafu kama kitambaa. Mchanga hukaa juu au hujipenyeza kwenye misuko, na dawa yake ni kuukung'uta, kuupangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kuuanika. Lakini jua nalo lina kipimo chake. Ukindu uliotiwa rangi hupauka na kukatika ukiachwa juani mchana kutwa, kwa hiyo mwenye kujua huugeuza kifudifudi na kuuanua mapema. Baada ya hapo huuviringisha, wala haukunji, kwa sababu palipokunjwa ndipo patakapovunjika.

Kitanda nacho kilikuwa na taratibu zake. Kwenye kamba zilizosukwa, kunguni hupata maficho mazuri, na methali inatukumbusha kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayekilalia alikitoa uani, akakimwagia maji ya moto kwenye viungo na kamba, akakiacha kikauke juani. Godoro na mito ya usufi havikufuliwa. Unyuzi wa usufi una uwazi ndani na nta kidogo juu. Haupendi maji, na ukilowa ndani ya godoro hushikana mabonge. Jua huukausha na kuufumua, godoro likarudi kuwa nene. Kilichofuliwa ni shuka na foronya tu.

Neno foronya ni la Kireno, sawa na leso. Sabuni ni neno la Kiarabu; dobi na kanji yametoka Bara Hindi. Ukiyapanga maneno haya, unaiona Bahari ya Hindi ikiingia katika karai la kufulia. Kitenzi chenyewe, hata hivyo, ni chetu. Mhunzi hufua chuma, mkwezi akishaangua nazi huzifua kwenye kifuo, na nguo pia hufuliwa. Mwili na vyombo huoshwa, lakini nguo ilihitaji nguvu ya mkono.

Kazi hiyo iliongezeka katika karne ya 19, vitambaa vya viwandani vilipoingia kwa wingi. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, na Marekani, pamba isiyotiwa rangi kutoka huko ilienea pwani na bara hata ikaitwa merikani. Wakati huo maji yalichotwa visimani, na katika visima vingi vya pwani maji yana chumvi. Sabuni ya mafuta ya nazi ina sifa ya pekee hapo: hutoa povu hata katika maji ya chumvi, ambamo sabuni nyingine nyingi hushindwa. Katika mji wa Unguja, maji ya mfereji yaliletwa na Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888.

Katika nyumba za wakubwa, usafi haukuishia kwenye kufua. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Ameeleza humo jinsi nguo zilivyotiwa maua na kufukizwa kabla ya kuvaliwa. Mpaka leo tunajua chetezo, udi na ubani, na asumini na mkadi vinavyowekwa kati ya nguo sandukuni. Karafuumaiti iliwekwa pamoja nazo kufukuza nondo. Lakini tuseme wazi ni mikono ya nani iliyofua na kukunja katika majumba hayo: ni ya watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 tu. Tunapousifu ujuzi huu, sifa ni yao kwanza.

Zulia la sufu lilikuja kwa majahazi ya kaskazi kutoka Ghuba na Uajemi, yaliyotia nanga Unguja na katika bandari ya kale ya Mombasa. Lilitandikwa sebuleni na misikitini, na likafuata desturi iliyokuwapo: likainuliwa, likatundikwa, likapigwa upande wa nyuma ili mchanga uanguke. Kipigo hicho kina maana. Chembe za mchanga zikibaki kwenye mashina ya nyuzi huzikata kidogo kidogo kila zinapokanyagwa, na zulia huchakaa kutoka chini huku juu likionekana zima.

Ulaya walipita njia nyingine. Mwaka 1901 mhandisi Hubert Cecil Booth wa London alibuni mashine ya kufyonza vumbi, kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi. Ilisimama barabarani na mipira yake ikapitishwa madirishani. Mwaka uliofuata ilitumika kusafisha mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa Mfalme Edward VII. Sasa zulia halikuhitaji kutoka nje. Usafi ndio uliolifuata ndani.

Kwa nchi za baridi njia hiyo ina mantiki. Sisi tuliichukua nusu. Misikiti na nyumba zetu nyingi sasa zina zulia lililogandishwa sakafuni, ukuta hadi ukuta, katika hewa yenye unyevu wa bahari. Linatandikwa, lakini halitanduliwi. Maji ya udhu hudondoka, vumbi huzama, ukungu humea chini pasipoonekana, kisha tunanyunyiza manukato kuficha harufu. Wazee walifukiza nguo iliyokwisha kufuliwa, hawakufukiza uchafu.

Sisemi tuyatupe mazulia. Nasema tuchague yale yanayoinuka: vipande badala ya zulia moja la chumba kizima, na mkeka pale mkeka unapotosha. Kilichomwagika kifyonzwe kwa kitambaa kikavu, kisisuguliwe, na miguu ikaushwe mlangoni kama Mombasa ya 1331. Hata sasa, Ramadhani ikikaribia, utaona vijana wakibeba mikeka ya msikiti na kuitoa uani, huku mzee mmoja akiwaonyesha upande wa kushika. Zulia lililogandishwa haliwezi kumpa mzee huyo nafasi ya kufundisha.