Kodi ya mapato Pemba

Kodi ya mapato Pemba ni kodi inayotozwa watu binafsi na mashirika ya kisiwa hicho chini ya sheria ya Bunge la Tanzania, si ya Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Kodi hiyo ni Jambo la Muungano tangu mwaka 1964.

Utozaji

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inatumika Bara na Zanzibar. Kodi hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Viwango vya kodi ya mshahara hupanda kwa ngazi kadiri kipato kinavyokua, hadi asilimia 30. Kwa hiyo mwalimu wa Wete au Chake Chake hukatwa kodi ya mshahara kwa sheria ya Muungano, lakini kodi ya ongezeko la thamani (VAT) anayolipa dukani hutozwa kwa sheria ya Zanzibar.

Mabadiliko ya katiba

Kwa ibara ya 98 ya Katiba ya mwaka 1977, kubadili orodha ya Mambo ya Muungano kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wote wa Zanzibar. Hivyo hakuna upande unaoweza kuiondoa kodi hiyo peke yake.

Rasimu ya tume ya Joseph Warioba (2013) ilipunguza mambo hayo kutoka 22 hadi 7, bila kodi ya mapato. Bunge Maalumu halikuufuata muundo wa rasimu hiyo. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, na Katiba ya mwaka 1977 ikaendelea kutumika.