"Nozeli" na "Injekta"

Njia za misafara zilizokatiza Unyamwezi karne ya 19 zilieneza Kiswahili bara. Malori yaliyokuja baadaye yalieneza msamiati wa gereji. Katika mji kama Nzega, penye njia panda ya Tabora, Singida na Shinyanga, si ajabu kumsikia dereva akilalamikia "nozeli".

Injini ya Rudolf Diesel ya mwaka 1897 ilipuliziwa mafuta kwa hewa iliyoshindiliwa. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ikaanza kuunda kwa wingi pampu ya kusukuma mafuta yenyewe hadi kwenye nozeli, yaani ncha yenye matundu. Ncha hiyo ikichakaa hubadilishwa peke yake. Injekta ni kifaa kizima. Katika gari la petroli la kisasa hufunguliwa kwa umeme, na aghalabu hubadilishwa chote. Anayeagiza "nozeli" kutoka Dar es Salaam huenda akaletewa ncha tupu, gari likabaki juu ya mawe.

Wapo watakaopendekeza "kinyunyizio". Neno hilo lina kazi tayari, katika mashamba ya pamba. Heri nozeli ibakie ncha, na injekta iwe kifaa kizima.