Jinsi ya kuchagua helmeti ndogo isiyohatarisha maisha

KUANZIA Juni hadi Agosti, ukungu hutanda alfajiri kati ya Nyeri na Othaya, na mwendeshaji wa bodaboda huvaa kofia ya sufu kwanza, kisha helmeti juu yake. Abiria akipewa ya kwake, mara nyingi huipakata mapajani. Mwendeshaji analalamikia uzito. Abiria anachelea nywele zake kuharibika, au jasho la waliomtangulia.

Ndiyo maana helmeti ndogo, isiyotokeza na isiyomfanya mtu afanane na uyoga, huwavutia wengi, iwe ni Karatina, Naro Moru na Nanyuki au Kerugoya, Embu na Meru. Si kosa kuitaka. Muhimu ni mnunuzi kujua udogo huo umetokana na nini, kwa kuwa zipo helmeti zilizo ndogo kwa ustadi wa mtengenezaji, na zipo zilizo ndogo kwa sababu kinga imeondolewa.

Kazi ya helmeti

Helmeti kamili ina sehemu nne: gamba la nje, tabaka la povu gumu, sifongo laini inayogusa kichwa, na ukanda wa kidevuni. Gamba husambaza nguvu ya kishindo na kuzuia kitu chenye ncha kupenya. Povu gumu hubonyea na kusagika, hivyo kichwa husimama polepole kidogo badala ya kusimama ghafla. Sifongo laini ni ya starehe tu, haizuii kishindo.

Povu likipunguzwa, nafasi ya kichwa kusimama nayo hupungua, na ubongo hubeba kishindo kilichosalia.

Elimu hii ilianzia kwenye msiba. Mwaka 1935, T. E. Lawrence, afisa Mwingereza aliyepata umaarufu katika vita vya Uarabuni, alifariki baada ya ajali ya pikipiki nchini Uingereza. Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyekuwa miongoni mwa waliomhudumia, baadaye alichunguza majeraha ya kichwa ya waendeshaji pikipiki na kuchapisha matokeo yake mwaka 1941. Kazi yake ilichangia jeshi la Uingereza kuwalazimisha waendeshaji wake kuvaa kofia za kinga.

Tathmini ya tafiti nyingi iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Sheria na alama za ubora

Nchini Kenya, kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinamtaka mwendeshaji pikipiki avae helmeti na jaketi inayoakisi mwanga, na asibebe zaidi ya abiria mmoja. Abiria pia anatakiwa kuvaa vifaa hivyo. Kiwango cha helmeti kinachotumiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) ni KS 77. Mnunuzi anayeona alama ya ubora ya KEBS anaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama ya # na nambari ya kibali hadi 20023.

Helmeti zinazotoka ng'ambo huwa na alama nyingine. Ile ya Umoja wa Mataifa ni herufi E na nambari ya nchi ndani ya duara, kwenye kitambaa kilichoshonwa ukandani. Chini yake huwa na nambari inayoanza kwa 05 au 06, yaani toleo la kanuni ya 22 lililotumika kuipima. Herufi P humaanisha kuwa sehemu ya kidevu imepimwa na inakinga; J ni helmeti iliyo wazi usoni; NP ni yenye kizuizi cha kidevu kisichokinga.

Moja ya vipimo vya kanuni hiyo ni kuiangusha helmeti kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, takriban kilomita 27 kwa saa. Ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita tatu.

Alama ya DOT ni ya Marekani, na mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe. Kibandiko hicho huigwa kwa urahisi, hivyo kisitegemewe peke yake.

Kuitambua dukani

Helmeti ndogo iliyo salama huanzia kwenye gamba. Kuna watengenezaji wanaotumia gamba la ukubwa mmoja kwa wateja wote, kisha wakajaza sifongo ndani. Mwenye kichwa kidogo huishia kubeba helmeti kubwa. Wengine hutengeneza magamba mawili, matatu au zaidi, kila moja kwa vipimo vyake. Hizo ndizo hukaa karibu na kichwa bila kupunguza povu.

Mnunuzi aifunue sifongo ya ndani na kulitazama povu. Kwa mujibu wa maelezo ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, povu la helmeti halali huwa na unene wa takriban sentimita 2.5, na helmeti nyingi salama huwa na uzani wa karibu kilo 1.4. Yenye chini ya nusu kilo, au yenye sifongo laini tu, ni pambo.

Kichwa kipimwe kwa utepe, juu kidogo ya nyusi. Katika vipimo vya watengenezaji wengi, sentimita 57 hadi 58 ni M, na 59 hadi 60 ni L. Helmeti ibane mashavu bila kuumiza, na ikitikiswa ngozi ya uso iende nayo. Ukanda ukishafungwa, mtu ajaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni, ikitoka, haimfai.

Kofia nene ya sufu huharibu kipimo hiki. Anayesafiri kwenye baridi avae kitambaa chepesi cha kufunika kichwa, na ajaribu helmeti akiwa nacho. Kitambaa hicho hicho ndicho jibu kwa abiria anayehofia uchafu. Kioo kiwe cheupe, kwani cheusi hufifisha barabara usiku na kwenye ukungu.

Helmeti iliyopata kishindo ajalini itupwe hata kama haina ufa, maana povu likishasagika halirudi. Kwa sababu hiyo, ya mtumba ambayo historia yake haijulikani haifai kununuliwa. Petroli na rangi za kupuliza nazo zinaweza kudhoofisha gamba na povu.

Helmeti ya abiria ipimwe kwa kigezo kile kile. Vichwa vya abiria hutofautiana, na mwendeshaji mwenye helmeti moja ya ziada hawezi kuwatosheleza wote. Anayetumia bodaboda kila siku atafaidika zaidi akinunua ya kwake, inayomkaa vyema, na kuifunga ukanda kabla ya pikipiki kuondoka.