Sabuni ya Mawese kwa Kipimo cha Nazi

Tunapouzungumzia utamaduni wa Taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, ngonjera, vinyago na mavazi. Ni mara chache tunalikumbuka jiko. Hata hivyo, jiko ni shule kongwe kuliko shule zote tulizojengewa, na mengi katika masomo yake hayajaandikwa hata leo. Katika insha hii nakusudia kulieleza somo moja tu la shule hiyo, nalo ni upishi wa sabuni nyumbani, kama lilivyofundishwa Mpanda katika miaka ya uhaba. Nitaeleza hasa makosa ya mwanafunzi, kwa sababu mwanafunzi huyo alikuwa mama yangu, nami nilikuwa mshika mwiko wake.

Hapana budi kwanza tuikumbuke miaka yenyewe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na vita vilivyofuata viliigharimu nchi fedha nyingi za kigeni. Mwaka 1979 bei ya mafuta ya petroli ikapanda duniani. Viwanda vilikosa malighafi na vipuri, na bidhaa zikaadimika madukani: sukari, nguo, betri, na sabuni. Wananchi walipanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya kipande kimoja cha sabuni. Wengi walifua kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 ilipoanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, mche wa sabuni ulikuwa mali ya kufichwa uvunguni.

Mpanda siku hizo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi haukuwapo mpaka mwaka 2012. Reli ilikuwa imetufikia mwaka 1950, tawi lililotoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini gari la moshi liliendelea kuja. Bidhaa ya kiwandani iliyotoka Dar es Salaam ilipita mikono mingi kabla ya kufika kwetu, na kila mkono ulibakiza kidogo. Lakini reli hiyo hiyo, kwa kupitia Kaliua, ilituunganisha na Kigoma, nchi ya michikichi. Kwa hiyo sabuni tuliikosa, ila mawese tuliyapata.

Hapo ndipo wanawake wengi walipoanza kuuliza: je, sabuni si mafuta tu yaliyobadilishwa? Mama naye aliuliza, akamwandikia kaka yake, mjomba wetu, aliyekuwa akiishi Tanga. Mjomba alijibu kwa barua ndefu yenye huruma na maelezo kamili. Kwao walikuwa wakipika sabuni, na kwa kila kilo moja ya mafuta walitia gramu 180 za kostiki soda. Aliandika kipimo hicho kwa tarakimu kubwa, akakipigia mstari. Mama aliiweka barua ile ndani ya sanduku pamoja na cheti cha ubatizo.

Kostiki haikuwa rahisi kupatikana. Ilipopatikana kwa njia ya jamaa wa jamaa, mama aliipeleka dukani kupimwa kwa mizani, gramu kwa gramu, asije akakosea. Ndugu msomaji naomba alikumbuke jambo hili, kwani wengi huwadhania akina mama wa wakati ule kuwa walikisia tu. Mama hakukisia. Alipima, na bado sabuni ikaharibika.

Kosa lake la kwanza lilikuwa la chombo na la utaratibu. Alitia sehemu ya kostiki ndani ya sufuria ya alumini, kisha akaimiminia maji. Maji yalichemka papo hapo pasipo moto, yakaruka, na tone moja likamwangukia kwenye kifundo cha mkono. Alama yake aliishi nayo. Sufuria nayo ilianza kutoa povu na mvuke wenye kukereketa, ikawa nyeusi, ikaliwa vitobo vidogo vidogo. Baadaye nilielewa sababu. Kostiki ikikutana na maji hutoa joto kali; hivyo kostiki ndiyo hutiwa ndani ya maji baridi, kidogo kidogo, wala maji hayamiminwi juu yake. Na alumini huliwa na kostiki, hali chungu cha udongo na chombo cha chuma huivumilia.

Tulianza upya kwa kostiki iliyobaki na kilo moja ya mawese ndani ya chungu kikuukuu. Mafuta yalipashwa moto, maji ya kostiki yakamiminwa polepole, nami nikakoroga. Kwa muda mrefu mchanganyiko ulikataa kushikana. Mafuta yalielea juu na maji yakakaa chini kama majirani waliogombana. Kisha ukaanza kuwa mzito kama uji, na ghafla ukafura na kutaka kumwagika. Mama aliondoa kuni mbili, nami nikazidi kukoroga mpaka ukatua. Baada ya saa moja na ushei ulifanana na ugali wa rangi ya manjano. Tulilala na furaha.

Asubuhi sabuni ilikuwa ngumu, yenye kumeguka kama chokaa, na imetanda unga mweupe juu. Shangazi ndiye aliyeijaribu kwanza. Nguo zilitakata, lakini jioni viganja vyake vilikuwa vikiwaka moto, na siku ya pili ngozi ikaanza kubambuka. Mama alikaa kimya. Alikuwa ametumia fedha, mafuta ya chakula na sufuria, na sasa alikuwa ameichoma mikono ya wifi yake.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja mzaliwa wa Kigoma. Alipoitwa, alichukua kipande kidogo, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi, akatema na kusukutua.

"Imekuuma, mama?" mama akamwuliza.

"Imeniuma. Lakini usiitupe, mwanangu. Sabuni hii ina njaa. Ilishe mafuta."

Kuilisha kulikuwa na gharama yake. Mawese yaliyobaki nyumbani yalikuwa theluthi moja ya kilo, nayo yalikuwa mafuta ya mboga ya wiki nzima. Mama aliyatazama, akayamimina yote. Sabuni ilikatwakatwa, ikaongezwa maji, ikarudishwa motoni pamoja na mafuta yale, ikapikwa mpaka ulimi wa bibi haukuumwa tena. Wiki ile tulikula mboga chukuchuku, lakini tulikuwa na miche ya sabuni isiyomwumiza mtu.

Bibi yule alikuwa na elimu gani? Wataalamu huieleza hivi. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1823, alionyesha kwamba mafuta yameundwa na asidi zilizofungamana na gliserini. Kostiki huuvunja mfungamano huo, ikaungana na asidi, na hapo sabuni huzaliwa. Lakini asidi hizo hazilingani katika kila mafuta. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki. Mawese hutosheka na gramu 141. Mafuta ya ng'ombe 140. Mafuta ya karanga 136. Kwa hiyo gramu 180 za mjomba zilikuwa halali kabisa Tanga penye minazi. Ndani ya mawese yetu, gramu 39 zilibaki bila asidi ya kuungana nayo, na hizo ndizo zilizomchoma shangazi. Ukigawanya 180 kwa 141 utaona kwamba kostiki ile ilihitaji kilo moja na robo na ushei ya mawese. Theluthi aliyoidai bibi ilitosha kuishibisha na kubakiza ziada kidogo ya kuilinda ngozi. Bibi hakujua tarakimu hizi, ila alijua njaa na shibe, na hesabu yake haikukosea.

Kadhalika alitufundisha njia ya wakati ambapo kostiki haipo. Majivu ya maganda ya ndizi huchujwa kwa maji, na maji yale huchemshwa mpaka yakawa makali. Sabuni yake huwa laini kama ute, kwa kuwa magadi ya majivu si ya aina moja na kostiki soda. Ukitia chumvi ya kutosha katika chungu kinachochemka, sabuni hujitenga, hupanda juu na kuwa ngumu. Chumvi ya kwetu ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi ambazo watu walizitumia karne nyingi kabla ya reli.

Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya uagizaji wa bidhaa, na polepole sabuni ikarudi madukani. Vyungu vikarudi uvunguni. Leo vikundi vya akina mama wanapika tena sabuni kwa ajili ya biashara, nao huanza kwa kunakili kipimo kilichoandikwa mahali pengine kwa mafuta mengine. Nimeona mikono iliyobambuka kwa sababu ile ile ya mwaka 1983. Hilo ndilo linalonisikitisha. Somo lililomgharimu mama mafuta ya wiki nzima halikuandikwa popote, na kila kizazi kinalilipia upya.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Elimu nayo ni mali. Kujitegemea, tulikokutangaza katika Azimio la Arusha mwaka 1967, hakukuwa utashi wa moyo peke yake, wala hakukuwa kunakili mambo ya wenzetu kwa bidii. Kulitaka kila mahali pajue mafuta yake na kipimo chake. Ningependa maofisa utamaduni wetu, wanapokwenda vijijini kurekodi ngoma, waingie na jikoni, wawaulize bibi waliobaki, na waandike kipimo pamoja na jina la mafuta.

Mama alifanya hivyo mapema. Kwa kuwa mwandiko wake haukumridhisha, alinitia kalamu mkononi nikamwandikia mjomba. Baada ya salamu na habari za wagonjwa na za mvua, aliniambia niandike maneno haya: "Kaka, kipimo chako ni cha kweli, na nakushukuru. Ila ni cha nazi. Chetu huku tumekipata, nacho nimekiandika nyuma ya daftari la mtoto."